Demensia: ya kurithi au ya kujitakia?

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, leo demensia, yaani akili na kumbukumbu kupotea kidogo kidogo, maana meseji zimejaa swali moja tu, "mama anaumwa, je na mimi?" Kaka Musa anza hapo hapo.

MUSA: Mara nyingi sio lazima, dada. Kuna jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ukirithi yenye hitilafu basi Alzheimer, ile aina ya demensia inayoonekana zaidi, inakuja karibu kwa hakika tena mapema, wengine hata hawajafika 50, na mzazi akiwa nayo kila mtoto ni nusu kwa nusu. Ila hao ni wachache mno, hawafiki hata asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer.

ZUHURA: Na ile jeni ya APOE4 watu wanayopima kwa mate?

MUSA: Ile inaongeza hatari tu, haiamui. Ukiipata kwa mzazi mmoja hatari inapanda kama mara 2 au 3, wakikupa wote wawili inapanda zaidi sana, halafu kwa watu wenye asili ya Afrika nguvu yake inaonekana ndogo kuliko kwa Wazungu. Kuna wanaoibeba mpaka 90 na akili timamu, kuna wasio nayo na wanaugua.

ZUHURA: Mi ile stori ya Colombia ndo ilinimaliza.

MUSA: Eeh! Ukoo wana ile PSEN1 mbovu, wanaanza kusahau wakiwa na 40 na kitu, mama mmoja kati yao akakaa vizuri mpaka 70 na kitu, kumpima wakakuta ana aina adimu ya APOE, wanaiita Christchurch, ameipata pande zote mbili. Hiyo ilitoka 2019, na ubongoni uchafu wa amiloidi, ile protini inayorundikana kwa wenye Alzheimer, alikuwa nao tele!

ZUHURA: Sasa sisi wengine tushike wapi?

MUSA: Kamisheni ya Lancet 2024, jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet, imetaja vitu 14 vinavyoongeza hatari, wanasema karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kuchelewa. Hiyo ni hesabu ya watu wote kwa pamoja eh, sio kwamba wewe binafsi unapunguziwa 45. Kuna sigara, kisukari, pombe, kukaa tu, kuumia kichwa, upweke, ila mi nakomalia masikio.

ZUHURA: Masikio tena?

MUSA: Mtu anaongeza sauti ya tivi, anaitikia "ndiyo ndiyo" hata hajasikia, mwisho anachoka anakaa kimya pembeni watu wakipiga stori, na ubongo nao unakosa kazi. Utafiti wa ACHIEVE wa 2023 uliwapa wazee vifaa vya kusikia, kwa wote kwa jumla tofauti haikuonekana, lakini wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo kasi ya kushuka akili ilipungua karibu nusu ndani ya miaka 3.

ZUHURA: Na presha?

MUSA: Presha ya umri wa kati ndo mbaya, ukiwa na 45 hujisikii chochote na vimishipa vya ubongo vinaharibika taratibu. Kolesteroli mbaya nayo hivyo hivyo.

ZUHURA: Kwa hiyo APOE4 nipime nisipime?

MUSA: Ukikuta unayo utafanya nini tofauti? Jeni huibadilishi, presha inashushwa na dawa. We lini mara ya mwisho umepima presha?

ZUHURA: Ah kaka, usinianike hewani.