Video umeangalia, shilingi hujarusha

Habari za jioni jamani. Kabla sijaanza, kila mtu ameshapata karatasi? Haya. Upande wa dirishani toeni shilingi mia, kama huna azima kwa jirani na urudishe, mtairusha mara 100 na kila ikitulia unaandika M kama ni upande wa Mwalimu Nyerere, S kama ni upande wa swala. Upande wa mlangoni nyinyi hamrushi chochote, nyinyi mnajifanya mmerusha, mnaandika M na S mia moja kutoka kichwani na zifanane na za kweli mpaka nishindwe kujua. Nyuma ya karatasi andika D kama uko dirishani, L kama uko mlangoni, mimi sitageuza. Mie naongea nyinyi mnarusha, hayo makelele ya shilingi nishayazoea.

Nimeitwa hapa niongelee namna ya kujifunza uwezekano na takwimu kwa kozi za mtandaoni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini na nitasema hivyo hivyo, kwa sababu bado mnafanya vile vile. Mnaangalia. Mtu anaangalia video 40, anatingisha kichwa kama anasikiliza taarabu, halafu anasema nimesoma probability. Hujasoma. Umemwangalia mtu mwingine akisoma.

Na msinielewe vibaya, sisemi kozi ni mbovu. Zamani sisi uwezekano tuliukuta Form Four, mada yenyewe ilikuwa inafundishwa mwishoni mwishoni karibu na mtihani, mwalimu anachora mpira mwekundu na mpira wa bluu ndani ya mfuko na hakuna aliyewahi kuuona huo mfuko. Leo hii una Khan Academy bure. Kuna mihadhara 34 ya Joe Blitzstein wa Harvard iko YouTube yote, kuna ya John Tsitsiklis wa MIT, watu wenye uwezo kweli kweli wa kufundisha, wanakufundisha ukiwa umekaa kwenye stuli unasubiri ugali. Kwa hiyo tatizo siyo mwalimu. Tatizo ni wewe na hicho kitufe cha kuharakisha video, mtu anaweka mara moja na nusu, mwingine mara mbili, unamkimbiza wapi?

Mimi mwenyewe nina cheti. Kozi ya utangulizi, wiki nane, maksi 91, nikakiprinti nikakilamineti, mke wangu akacheka lakini nyundo akanishikia wakati wa kukitundika. Wiki hiyo hiyo naenda kunyoa. Kinyozi wangu ni kijana mmoja mchangamfu sana, amenishika kichwa hivi, mashine inaunguruma, ananionyesha simu kwenye kioo, "Ticha, cheki mkeka niliosuka leo." Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi 10, ukikosa moja umekosa zote. Yanga imo, Man City imo, halafu kuna timu mbili tatu za Ureno ambazo hata kuzitamka hawezi. Zote odds 1.30, yaani kila mechi ikishinda inazidisha hela yako mara 1.30. "Hizi za uhakika tu ticha, sijaweka timu ya kubahatisha hata moja. Naweka buku, elfu moja tu, navuta elfu 13 na mia saba na ushee."

Mimi, mtu wa maksi 91, mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia mkeka mzuri. Halafu, na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, nikatoa buku yangu nikampa aniwekee na mimi.

Ukachanika. Mechi ya saba, moja ya hao Wareno. Kesho yake napita pale ananiambia maneno ambayo kila mtu humu ameshawahi kuyasikia au kuyasema, "Ticha, mechi moja tu imetuangusha!"

Nikarudi nyumbani nikakaa. Nikachukua penseli. Tuseme kila timu ina uwezekano wa 75 kati ya 100 kushinda, na hapo tunaipa heshima yake, kampuni ingeona zaidi ya hapo isingekupa 1.30. Mechi moja 0.75. Mechi mbili, 0.75 mara 0.75, tayari 0.56. Mechi tatu umeshashuka chini ya nusu, 0.42. Mechi tano 0.24. Mechi kumi 0.056. Yaani mikeka ya namna hiyo ukisuka 100, inayotiki ni 5 au 6, iliyobaki 94 inachanika, na hiyo ndiyo mikeka ya "uhakika tu". Sasa weka hela. Mikeka 1,000 ya buku buku ni milioni moja imeondoka mfukoni. Inatiki 56, kila mmoja unakupa 13,786, unarudishiwa kama laki 7 na 72 elfu. Laki mbili na ushee imeenda, na hujafanya kosa lolote la mpira, timu umezichagua vizuri kabisa.

Lakini subirini, utamu uko hapa. Kile cha "mechi moja tu imetuangusha". Nacho kinahesabika! Uwezekano wa kushinda tisa na kupoteza moja kamili: timu yoyote kati ya 10 inaweza kuwa ndiyo hiyo msaliti, kwa hiyo 10 mara 0.25 mara 0.75 iliyozidishwa yenyewe mara tisa, unapata kama 0.19. Mikeka 19 kati ya 100. Linganisha na 5 au 6 inayotiki. Kukosa kwa mechi moja kunatokea zaidi ya mara tatu ya kupata. Yule kijana anaona ni bahati mbaya, amekaribia, kesho anapata, kumbe kukaribia ndiko kunakotarajiwa, mkeka umetengenezwa ukaribie. Hicho ndicho kinachomrudisha kubeti kila Jumamosi.

Sasa kinachoniuma siyo buku yangu. Swali hilo hilo nilishalifanya kwenye kozi! Wiki ya tatu. Lilikuwa la dadu, kurusha dadu mara kadhaa na uwezekano wa kupata sita mara moja kamili, nikachagua jibu C, ikatokea tiki ya kijani, nikasonga mbele. Nilikuwa najua fomula na sikuijua ilipokaa mbele yangu kwenye kioo cha saluni. Ile tiki ya kijani inadanganya sana. Kwizi ina majibu manne, ukikosea unarudia, ukirudia mara tatu imebaki moja, hata mbuzi anafaulu.

Hiyo ya nani imeanguka? Okota, usihesabu hiyo iliyoingia chini ya kiti. Aa, ihesabu, kwa nini usihesabu? Iliangukia upande gani? Haya, andika.

Kuna mtu atasema ticha sisi shida yetu ni Kiingereza. Sawa, nakubali nusu. Lakini hata Kiswahili chetu kina mitego yake. "Nasibu" kwa mfano. Ukimwambia mtu sampuli ya nasibu anafikiria bahati nasibu, anafikiria tiketi na zawadi ya pikipiki, au anadhani nasibu ni kuokota ovyo ovyo, unasimama stendi unahoji watu kumi wa kwanza kupita. Hiyo siyo nasibu, huo ni uvivu. Nasibu maana yake kila mtu kwenye orodha alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kuipata hiyo ni kazi ngumu sana, inahitaji orodha kwanza. Halafu "matukio huru". Watu wanachanganya matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja, kila mwaka, kila darasa. Shilingi moja haiwezi kulala Mwalimu na swala kwa mpigo, hayo hayatokei pamoja, kwa hiyo siyo huru hata kidogo, nikikuambia ni Mwalimu umeshajua lile lingine halikutokea. Huru ni shilingi yako na ya jirani yako, yako ikilala swala haijakuambia kitu kuhusu ya kwake. Andikeni hiyo, acheni kunipiga picha.

Mwingine atasema bando. Bando ndiyo sababu nakwambia usiangalie video kumi kwa siku! Angalia moja. Mwalimu akisoma swali, simamisha. Funika kioo kwa mkono kama ni lazima. Chukua kaunta buku yako andika unadhani jibu ni ngapi, hata kama huna njia, andika tarakimu, 20, 60, chochote, ujifunge. Kwa mfano, humu tukiwa watu 23, kuna uwezekano gani wawili wakawa na siku moja ya kuzaliwa? Kila mtu anayeangalia bila kuandika anasema "aa, nilijua ni kubwa". Hukujua. Walioandika kabla wengi wanaandika 6, wanaandika 10. Jibu linazidi 50 kati ya 100 kidogo. Ukishaona 6 yako kwenye daftari pembeni ya 50 hutakaa usahau, kwa sababu imekuuma. Ambaye hajaandika hajaumia na wiki ijayo haikumbuki.

Na ndiyo maana nawarushisha shilingi kama watoto. Shilingi haina kumbukumbu, hilo kila mtu anatamka, mtihani akiulizwa anajibu vizuri, lakini mkono wake hauamini. Agosti 1913 kasino ya Monte Carlo kijipira cha ruleti, lile gurudumu la kamari lenye nyekundu na nyeusi, kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walikuwa wanazidi kumwaga hela kwenye nyekundu kwa sababu nyekundu "imekawia". Ruleti haijui kukawia. Wale walikuwa watu wazima wenye hela zao.

Naona saa inanikimbiza. Nilitaka kuongelea vipimo vya magonjwa kwa urefu, niseme haraka. Watu 1,000, tuseme 10 wanaumwa kweli. Kipimo kinawakamata 9. Wale 990 wazima, kipimo kinakosea watu 5 kati ya 100, kwa hiyo kama 50 wanaambiwa wanaumwa na hawaumwi. Jumla 59 wana majibu ya kuumwa, wanaoumwa kweli 9. Ni kanuni ya Bayes hiyo, mchungaji wa Uingereza, ilichapishwa 1763 akiwa ameshakufa. Mkikutana na fomula yake kwenye kozi iacheni kwanza, chukueni watu 1,000 muwagawe kwa penseli kama nilivyofanya sasa hivi, fomula itakuja yenyewe. Mambo ya takwimu yenyewe, wastani, kupima dhana, leo sahauni, kila mwaka nayaahidi na kila mwaka mkeka unanilia muda.

Leteni karatasi. Hapana, msigeuze, nipeni hivyo hivyo.

Hii ya kwanza. M, S, M, S, S, M, S, M, M, S... kila ikifika tatu mtu anaogopa anabadilisha. Hii ni ya mlangoni. Geuza. L, sawa. Hii, ngoja nihesabu, swala, swala, swala, swala, swala, swala, swala. Saba mfululizo! Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuandika hivyo akidanganya. Dirishani. Geuza. D. Siyo uchawi, ukirusha mara 100 mfululizo wa tano au zaidi unatokea karibu mara 97 kati ya 100, natafuta huo tu. Hii ina mfululizo wa sita, dirishani. Hii ya mlangoni. Hii ya mlangoni. Na hii, mfululizo mrefu kabisa ni nne, imetulia, imepangika, hii ya mlangoni moja kwa moja. Geuza.

D? Nani mwenye karatasi hii? Dada, ulirusha kweli, zote mia? Mashahidi wako ni hao walioketi na wewe? Haya, anasema alirusha, na jirani yake anasema shilingi ilikuwa ya kwake na hajarudishiwa. Basi nimekosea. Nilisema 97 jamani, sikusema 100. Mrudishie mwenzio shilingi yake, maswali sasa, na asiniulize mtu mechi za leo.