Meli Iliyorudishwa Kilindini: Namna ya Kusoma Historia ya Dola za Kikomunisti

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wanangu wa sekondari, na wazee mliokuja kwa ajili ya chai, karibuni. (Kicheko.) Chai ipo, lakini baadaye.

Nianzie karibu. Aprili 1965, hapa Kilindini, bandarini kwetu Mombasa, ilitia nanga meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev. Ilibeba silaha, pamoja na wataalamu wa kufundisha namna ya kuzitumia. Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa kisoshalisti na mshirika wa Odinga, alikuwa ameuawa Nairobi mwezi Februari. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais, na wenzake serikalini walikuwa wakiuangalia urafiki wake na Moscow kwa jicho la pembeni. Mzee Kenyatta akaikataa shehena ile. Silaha kuukuu, ikasemwa. Meli ikaondoka na mzigo wake. Mwaka huohuo serikali ikatoa Waraka Nambari 10, uliosema Kenya itafuata usoshalisti wa Kiafrika, wala si wa Marx. Aprili 1966 Odinga akajiuzulu.

Nimefundisha historia hadi nywele zimegeuka rangi, na kwa miaka mingi sikumtajia mwanafunzi hata mmoja meli hiyo. Somo la Mapinduzi ya Urusi nilikuwa nalifundisha hivi: "Andikeni. Sababu za mapinduzi. Moja, uhaba wa chakula. Mbili, vita. Tatu, uongozi mbaya wa Tsar." Kalamu zinakwaruza, kengele inalia, kila mtu na njia yake. Mtihani ukiuliza sababu tano, mtoto anaandika tano, anapata tano. Kisha anatoka nje ya lango la shule akidhani ukomunisti ni ugonjwa wa baridi uliowapata Warusi peke yao.

Sasa, maneno. Hapa nitakawia kidogo, mnisamehe. Sisi watu wa pwani tumebahatika: msamiati wa somo hili umo midomoni mwetu tangu zamani. Bepari ni neno lililokuja na Wahindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu, mtu wa dukani. Babu yangu angesema "fulani ni bepari" bila kumtukana mtu. Kabaila lina asili ya Kiarabu, na lilimaanisha mtu wa ukoo mkubwa. Ilipokuja siasa ya miaka ya sitini, Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Tanzania Bara baada ya Azimio la Arusha la 1967, maneno haya yakavishwa magwanda. Bepari akawa mnyonyaji, na kabaila akawa adui wa mkulima. Mwanafunzi akiona jinsi neno la heshima lilivyogeuzwa kuwa shtaka, amekwisha kuelewa nusu ya namna dola hizi zilivyofanya kazi. Huko Urusi neno kulak liligeuzwa vivyo hivyo. Lilikuwa jina la mkulima mwenye nafasi kidogo. Kuanzia 1929 kuitwa kulak kulitosha mtu kunyang'anywa ng'ombe na kupelekwa Siberia na wanawe.

Jambo jingine la maneno: hakuna dola hata moja iliyowahi kusema imeufikia ukomunisti. Zilitawaliwa na vyama vya kikomunisti, lakini zenyewe zilijiita za kisoshalisti, zikasema ukomunisti uko mbele. Mwaka 1961 chama cha Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti wakati huo, kiliahidi kwamba msingi wa ukomunisti utakuwa umekamilika kufikia 1980. Mwaka 1980 ulifika, foleni za nyama zikiwa palepale. Na ujamaa wa Mwalimu Nyerere msiuingize katika kapu hilo. Tanzania ilikuwa na chama kimoja na vijiji vya kuhamishwa kwa nguvu, ndiyo, lakini Mwalimu hakuwa mfuasi wa Marx, na misikiti na makanisa yalibaki wazi.

Basi mtoto atajuaje ukweli wa dola iliyoshika magazeti yote, redio zote, na vitabu vyote vya shule? Mimi husema: fuata hesabu. Dola inaweza kudanganya katika hotuba, lakini lazima mahali fulani ihesabu watu wake, mahindi yake na wafungwa wake, maana bila hesabu haiwezi kutawala. Tafuta hesabu hiyo, kisha uangalie ilifanywa nini.

Chukueni sensa ya Kisovieti ya Januari 1937. Stalin alikuwa ametangaza miaka michache nyuma kwamba nchi ina watu milioni 168 na inaongezeka kwa kasi. Makarani wakaenda mlango kwa mlango, wakarudi na milioni 162. Waliokosekana walikuwa wapi? Wengi walikuwa makaburini. Njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan, baada ya serikali kuwakusanya wakulima katika mashamba ya pamoja na kuwachukulia nafaka yao, huku nyingine ikiendelea kuuzwa ng'ambo. Hakuna gazeti lao lililoandika neno njaa. Makarani hawakuandika neno hilo pia. Wao waliandika idadi tu, nayo ikasema.

Na kuna kichekesho ndani yake, kama mtu anaweza kucheka hapo. Fomu ile iliuliza pia: una dini? Miaka 20 ya kufunga makanisa na misikiti, na bado zaidi ya nusu ya watu wazima wakajibu, mbele ya karani wa serikali, kwamba wanayo. (Minong'ono ukumbini.) Naam. Wallahi, kila nikilisoma jambo hili nawawazia wale bibi vizee na hijabu zao na misalaba yao.

Sensa ikafutwa. Ikasemwa imeharibiwa na maadui. Wakuu wake wakakamatwa, kadhaa wakapigwa risasi. Mwaka 1939 ikafanywa nyingine, nayo ikaleta milioni 170, kama ilivyotakiwa. Kenya nasi tulifuta matokeo ya sensa ya 2009 ya wilaya nane za kaskazini kwa kuwa watu walionekana wengi mno. Lakini makarani wetu walirudi nyumbani kula chakula cha jioni. Mwalimu akiziweka sensa hizi mbili ubaoni sambamba, darasa halitalala.

China sitaichimba sana leo. Kanuni ni ileile. Kati ya 1958 na 1962 viongozi wa mikoa waliandika mavuno hewa, kama tunavyosema hapa wafanyakazi hewa. Serikali kuu ikachukua fungu lake kutoka kwenye mavuno ambayo hayakuwapo, na wakulima wakabaki na maghala matupu. Wanahistoria wanakadiria vifo kuanzia milioni 15 hadi 45. Mwambieni mwanafunzi aulize kwa nini pengo ni kubwa hivyo. Swali hilo lina faida kuliko kukariri namba yoyote kati ya hizo mbili.

Lakini sikuja hapa kuhubiri dhidi ya mtu. Mgala muue na haki mpe, ingawa methali yenyewe ina damu yake, na tutaijadili siku nyingine. Nilipata kufundisha kijana ambaye wazazi wake walikimbia Barawa, huko Somalia, 1991, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Utange hapa kaskazini mwa mji. Kiswahili chao kilikuwa Chimwiini, lahaja ya Barawa, na wanafunzi wenzake wakimcheka. Tulipofika kwenye Somalia ya Siad Barre, rais aliyeitangaza nchi yake kuwa ya kisoshalisti, akanyosha mkono. Akasema nyanyake alijua kusoma kwa sababu ya serikali hiyo. Ni kweli: mwaka 1972 Kisomali kilipewa hati ya Kilatini, kisha wanafunzi kwa maelfu wakatumwa mashambani kufundisha watu. Halafu akasema ami yake nyanyake, aliyekuwa sheikh, alifungwa na serikali hiyohiyo. Januari 1975 masheikh kumi waliuawa kwa kupinga sheria mpya ya familia. "Mwalimu," akaniuliza, "mtihani ukiuliza, niandike ilikuwa nzuri au mbaya?"

Nikamwambia aandike yote mawili, pamoja na tarehe. Siku hiyo niliona aibu kidogo, maana madaftari yangu yalikuwa na sababu na matokeo, hayakuwa na nyanya wala sheikh.

Na kigezo hiki tukitumie kwa wote. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975 baada ya nchi za Magharibi kukataa, iandikeni. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha faili za makoloni, za Kenya zikiwamo, katika jumba la Hanslope Park, iandikeni nayo. Mwanafunzi anayemuuliza Stalin "wafungwa wako wangapi?" na asimuulize gavana wa kikoloni swali hilohilo bado hajaanza kusoma historia. Anashabikia timu, kama Bandari na Gor Mahia.

Walimu wataniambia: muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Najua. Mimi ningepunguza sababu sita za mapinduzi ziwe tatu, nikatumia kipindi kimoja kwa sensa ile. Kipindi kingine ningewatuma watoto nyumbani wakawaulize wazee waliofanya kazi bandarini mwaka 1965 waliona nini, waliambiwa nini, na nani aliwaambia wanyamaze. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na wengine wamo humu ndani wakisubiri chai.

Sasa maswali. Yule kijana wa nyuma, mkono wake uko juu tangu nilipotaja makarani. Mpeni maikrofoni.