Hasira ya Kiongozi na Kalamu Yake

Ndugu walimu wakuu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa niseme juu ya utulivu wa kiongozi pale mambo yanapochacha, na mwenyekiti amenionya mapema nisiwaletee nadharia. Basi twendeni Januari 1964.

Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwaweka maofisa wao wa Kiingereza chini ya ulinzi, wakaingia mjini Dar es Salaam. Walidai mishahara iongezwe na Waafrika washike nafasi za maofisa hao. Tanganyika ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru, na Zanzibar ilikuwa imetoka kupinduliwa siku nane kabla. Maduka yaliporwa, watu wakafa. Mwalimu Nyerere na Makamu wake, Rashidi Kawawa, waliondolewa Ikulu wakafichwa. Aliyekwenda kuzungumza na askari ni Oscar Kambona, waziri mwenye dhamana ya ulinzi.

Wapo waliomcheka Mwalimu kwa kujificha. Mimi simo. Rais akishikwa mateka, nchi inabaki na nini cha kujadili? Ninyi wenyewe mnajua: wanafunzi wakigoma kwa sababu ya maharage yenye wadudu, wakati mwingine sura ya mkuu wa shule ndiyo petroli. Anayetakiwa kwenda bwaloni saa ile ni mwalimu wa malezi, na wewe ubaki ofisini hata kama roho inakuuma kwamba watasema umeogopa.

Tarehe 25 makomando wa Uingereza, walioombwa na Mwalimu mwenyewe, waliteka kambi alfajiri. Hebu fikirini: aliyeongoza nchi kumtoa Mwingereza anamwomba Mwingereza arudi na bunduki. Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, akakiri mbele yao kuwa ile ilikuwa fedheha. Hakuipaka rangi. Kikosi cha Nigeria kikaja kuchukua nafasi ya Waingereza, jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikaanzishwa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Lakini kwangu mtihani mkubwa ulikuwa mahakama ya kijeshi. Walioongoza maasi walishtakiwa, na kifungo kirefu kuliko vyote kilikuwa miaka 15. Mwalimu hakuridhika. Alitamka hadharani kwamba adhabu zile ni ndogo mno. Kisha akaziacha kama zilivyo, kwa kuwa utawala wa sheria ulikuwa sehemu ya uhuru walioupigania.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hakujifanya hana hasira. Aliisema, ikasikika, ila hakuikabidhi kalamu. Wengi wetu tunafanya kinyume: mdomoni "mimi sina tatizo na mtu", mezani barua ya kumsimamisha kijana masomo imeshapigwa muhuri.

Kila mtu ana dalili zake. Mwingine sauti hupanda. Mwingine hunyamaza akaanza kupanga faili ambazo hazihitaji kupangwa. Kuna anayejibu kundi la wasapu la wazazi saa sita usiku, neno kwa neno, huku mke au mume anamwambia lala. Ukishaijua yako, mwambie makamu mkuu wako, na umpe ruhusa ya kukuambia, "Mkuu, hii barua itoke kesho." Makamu asiyeweza kukuambia hivyo bila kuhofia uhamisho hakusaidii kitu siku ya presha. Barua ya kesho ikisomwa asubuhi, mara nyingi hupungua nusu ya maneno. Kama mtoto anavuja damu au bweni linaungua, hapo hakuna cha kesho. Amri itoke sasa hivi.

Naomba tusimfanye Mwalimu malaika. Mwezi uleule wa maasi, Januari, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na Februari vyama vyao vikafutwa kukaundwa kimoja, NUTA, chini ya serikali. Je, huo nao ulikuwa utulivu, au ni hofu iliyovaa suti? Mimi naona hofu ilikuwamo, tena si ndogo. Namwona mzee pale nyuma ameunyoosha mkono tangu nilipotaja vyama. Bila shaka ana la kunipinga. Mpelekeeni maikrofoni.