"The" Haingii kwa Hodi

NEEMA: Karibuni tena. Baraka, leo naanza mimi, maana wiki hii nimerudishiwa barua.

BARAKA: Ile ya kuomba kazi?

NEEMA: Hiyohiyo. Kurasa 2 za Kiingereza, nimezihangaikia siku 3. Nikampa mwenzangu wa kazini anisomee. Zimerudi na alama 31, na 26 kati ya hizo ni za neno moja.

BARAKA: Usiniambie.

NEEMA: "The"! Nilipoiweka kaifuta, nilipoiacha kaiweka.

BARAKA: (anacheka) Huyo haingii kwa hodi.

NEEMA: Hodi hapigi, na ukimkaribisha hakai! "The nature", kafukuzwa. "Sun" nikaiandika peke yake, huyo kaja.

BARAKA: Ndilo neno linalojirudia kuliko yote katika maandishi ya Kiingereza, na kwetu halipo. Ila kazi yake tunayo. Sikiliza: "nimesoma kitabu". Kitabu gani? Chochote. "Nimekisoma kitabu." Hapo mimi na wewe tunakijua. Ya kwanza ni "a book", ya pili "the book".

NEEMA: Hebu rudia. Nimesoma, nimekisoma...

BARAKA: Hiyo "ki" ndiyo hodi yenyewe! Mimi nikikwama naitamka sentensi kwa Kiswahili kwanza. "Ki" ikija yenyewe, nafungua mlango.

NEEMA: Haya, "nimemwona mwalimu". Hiyo "m" lazima iwepo, tumjue tusimjue.

BARAKA: Kwa watu, kweli, haisaidii. Hapo jiulize: ni yule, au mwalimu fulani tu?

NEEMA: Na "nayapenda maumbile"? "Ya" ipo, amepiga hodi vizuri kabisa, na Kiingereza kinasema "I love nature", mlango umefungwa!

BARAKA: (anacheka) Huyo karudishwa njiani.

NEEMA: Ndiyo maana nasema Kiswahili tukiweke kando tunapoandika. Benjamin Franklin, yule mwandishi wa Marekani, alipokuwa kijana alikuwa anachukua makala nzuri, anaandika dokezo fupi la kila sentensi, anaziacha siku kadhaa, kisha anaijenga makala upya bila kuchungulia. Akimaliza, analinganisha na kusahihisha. Nimejaribu juzi kwa aya moja tu. Kila "the" niliyoikosa niliiona mwenyewe, sikuambiwa na mtu.

BARAKA: Franklin alizaliwa ndani ya Kiingereza, Neema. Sikio lake lilishajua. Mtu mzima anayeanza ukubwani ana lugha nzima kichwani, unamwambia aiache nje?

NEEMA: Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi. Kiingereza kakianza akiwa ameshapita miaka 20, na riwaya zake kaziandika kwa Kiingereza.

BARAKA: Nani kakwambia Kipolandi kilikuwa hakimnong'onezi?

NEEMA: Na nani kakwambia kilikuwa kinamnong'oneza? Ukitafsiri kila sentensi utaandika Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Nimezisoma barua za namna hiyo, nimeziandika pia.

BARAKA: Na ukinakili usichokielewa, siku sentensi ikibadilika unakwama. Mimi nataka kujua *kwa nini*.

NEEMA: Mimi nataka mkono uzoee.

BARAKA: Hapo hatukutani.

NEEMA: Hatukutani. Saa ngapi... mungu wangu, dakika 2! Na aya? Na koma? Na kujisomea kwa sauti kabla ya kutuma?

BARAKA: Haviingii leo. Barua inakwenda lini?

NEEMA: Kesho asubuhi. Nisaidie moja tu: "I am applying for the position". "The" nimeibakiza.

BARAKA: Nafasi wameitangaza wao, wewe umeiona, wote mnaijua. "Naiomba nafasi." Umeisikia hiyo "i"?

NEEMA: Nimeibakiza kwa sababu barua zote nzuri nilizosoma zimeandika hivyo.

BARAKA: Lakini "i" umeisikia.

NEEMA: Sijakubali.