Haiti Darasani: Anza na Boga

Walimu wenzangu, tuchukue nchi moja tu, Haiti, na vipindi viwili vya dakika 40.

Ramani na bendera zisubiri. Ingia darasani na boga mkononi. Kila tarehe 1 Januari Wahaiti hunywa supu iitwayo joumou: boga lililochemshwa na kupondwa, nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, kabichi, tambi na pilipili kali. Uliza: kwa nini supu hii, na kwa nini siku hiyo? Wape dakika tano wabuni, usimsahihishe mtu. Kisha wasimulie jinsi Wahaiti wenyewe wanavyoeleza: chini ya Wafaransa, watumwa waliipika kwa ajili ya mabwana, wao wakikatazwa kuionja. Tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines, kiongozi wa mapinduzi yao, akatangaza uhuru, na supu ikawa ya wote.

Wengi wetu huishia hapo. Kengele inalia, mtoto anatoka akijua Wahaiti wanakula nini, kesho anasikia redioni kwamba ni maskini, na hana cha kumweleza sababu. Anajaza pengo hilo kwa dharau. Hilo linaniuma, maana tumelichimba sisi.

Kwa hiyo kipindi cha pili ni cha hesabu. Mwaka 1825 mfalme Charles X wa Ufaransa alituma manowari 14 na sharti: uhuru utatambuliwa Haiti ikilipa faranga milioni 150, fidia kwa waliokuwa mabwana, kwa awamu tano za kila mwaka. Mwite mwanafunzi ubaoni agawanye: kila awamu milioni 30. Hazina haikuwa nazo, basi Haiti ikakopa milioni 30 kwa mabenki ya Paris. Mabenki yakakata yao kwanza, yakatoa 24. Muulize aliyeshika chaki: "Umepokea ngapi? Unadaiwa ngapi? Awamu ya kwanza imepungua ngapi?" Usimharakishe. Akiandika ile 6 darasa hunyamaza, kisha atatokea wa kuuliza: kumbe aliyekuwa mtumwa ndiye anamlipa bwana? Swali hilo mwachie mwanafunzi aliulize, usimnyang'anye. Ongeza tu kwamba mwaka 1838 jumla ilishushwa hadi milioni 90, na mikopo iliyotokana na deni hilo ilimalizika kulipwa mwaka 1947.

Fasihi nayo? Methali moja yatosha: "Dèyè mòn gen mòn." Iandike kwa Kikrioli, lugha ya Wahaiti, itafsiri neno kwa neno: nyuma ya milima kuna milima. Kosa la kawaida ni kuirukia methali yetu inayofanana, nchi yao ikatoweka ghafla. Waambie kwamba Haiti imejaa milima kwelikweli, na kwamba watumwa waliotoroka walijificha huko. Tena isije siku ya kwanza. Ije baada ya hesabu, wakati ile 6 bado iko ubaoni, uone watakavyoieleza.