Tundu la Moyo Ukubwani: Eko Inaona Nini?

ZUHURA: Karibuni tena. Daktari, naanza na ubishi. Tundu la moyo si ugonjwa wa watoto?

DK. BARAKA: Unazaliwa nalo, Dada Zuhura, ila si lazima lijitangaze utotoni. Chukua tundu kwenye ukuta wa vyumba viwili vya juu. Damu iliyokwisha kusafishwa inavuja kutoka kushoto kwenda kulia, inarudishwa mapafuni bure. Mtoto anacheza, anakua, anaoa. Akifika miaka 30 au 40, ngazi zinaanza kumshinda.

ZUHURA: Anaambiwa ana pumu.

DK. BARAKA: Au unene, au uzee. Wanawake wengine hugundulika wakiwa wajawazito, maana damu mwilini huongezeka karibu nusu, na moyo uliokuwa ukivumilia unaelemewa.

ZUHURA: Halafu anaandikiwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Ni ultrasaundi ile ile ya mimba?

DK. BARAKA: Mawimbi ya sauti yale yale, hakuna mionzi. Na unajua ilikotoka? Sweden, mwaka 1953. Daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza na kifaa cha kiwanda cha meli, cha kutafuta nyufa kwenye chuma.

ZUHURA: Kumbe sisi na meli ni ndugu! Haya, mnapaka jeli, mnaangalia, tundu hilo hapo.

DK. BARAKA: (anacheka) Laiti! Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni madhara yake: upande wa kulia umetanuka. Mpimaji anatakiwa ajiulize, damu hii ya ziada inatoka wapi? Nikiona ripoti imeandikwa “upande wa kulia umetanuka”, nukta, basi, napandwa na hasira.

ZUHURA: Tunakujua.

DK. BARAKA: Na kuna mtego. Ukipimia penye ncha ya moyo, mawimbi yanapita sambamba na ule ukuta badala ya kuugonga, kwa hiyo mwangwi haurudi vizuri. Kwenye skrini unaona pengo, kumbe ukuta ni mzima! Ndiyo maana tunashusha kifaa hadi chini ya kidari, mawimbi yaukabili ukuta uso kwa uso. Hapo unawasha Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi kwenye skrini, unaona damu ikivuka au haivuki.

ZUHURA: Hata kwa mtu mwenye mwili wake, kama mimi?

DK. BARAKA: Hapo ndipo mtu mzima anapotusumbua kuliko mtoto. Kifua kipana, mafuta, mapafu yamejaa hewa, na hewa inazuia mawimbi. Picha ikigoma, tunatumia mapovu.

ZUHURA: Mapovu moyoni? Shangazi yangu angekimbia na kanga moja.

DK. BARAKA: Madogo sana, Dada. Dripu ya chumvi kidogo na hewa kiduchu, tunavisukuma huku na huku kati ya sirinji mbili, kisha tunachoma kwenye mshipa wa mkono. Upande wa kulia unajaa weupe. Kwa kawaida mapovu huishia mapafuni. Yakitokea kushoto ndani ya mapigo matatu hivi, yamepita njia ya mkato moyoni kwenyewe. Yakichelewa, tunashuku mapafu.

ZUHURA: Basi hapo hakuna tundu linaloponyoka.

DK. BARAKA: Lipo moja sugu, lile la juu kabisa, mshipa mkubwa wa kutoka kichwani unapoingia moyoni. Kifuani halionekani vizuri, na mara nyingi mshipa mmoja wa pafu la kulia nao umeingia pasipo pake. Mgonjwa anamezeshwa bomba lenye kamera ya ultrasaundi, tunautazama moyo kwa nyuma, kutoka kwenye umio. Koo linatiwa ganzi, anapewa dawa ya kumtuliza, na anakuwa amefunga saa 6.

ZUHURA: Saa sita mchana?

DK. BARAKA: Muda wa saa 6, Dada. Bila kula.

ZUHURA: Hata chai ya maziwa?

DK. BARAKA: Hasa chai ya maziwa.

ZUHURA: Kumbe bomba ndilo jambo rahisi.