Noti ya Kutunza na Alama ya Moyo

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa muziki na wapenzi wa taarab, Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam aleikum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango kama watu wenye nia ya kukimbia. Nashukuru mmekuja, na leo hakuna udi wala qanuni, ni maneno matupu.

Nianze na jambo ambalo kila mtu humu amelishuhudia. Taarab imekolea, usiku umekwenda. Mwimbaji ameshapita beti mbili. Anaingia ubeti wa tatu, na kule nyuma anainuka mama mmoja, noti ameishika kwa ncha za vidole. Hana haraka. Anapita mbele ya viti fulani ambavyo angeweza kabisa kuvizunguka, anafika kwa mwimbaji, anaitoa ile noti juu juu ionekane, halafu anarudi kwa njia ileile aliyojia. Noti ya elfu mbili tu. Lakini ukumbi mzima umeshajua ni ubeti gani, umemlenga nani, na nani aliyeinama ghafla akawa anaitazama soda yake.

Huko ndiko kutunza. Mama yule amelipa, ametoa hukumu, ametuma salamu na ametupa kijembe, vyote kwa noti moja. Iwekeni akilini noti hiyo, nitairudia.

Nimeombwa nieleze vipi wenye blogi za muziki wanavyokutana na wasomaji wao kupitia zile tovuti zinazokusanya maandishi ya blogi nyingi pahala pamoja. Kiswahili chake bado hakijatulia, kwa hivyo leo nitasema mkusanyaji. Wasanii vijana mkisikia hivyo mnamfikiria yule anayekupelekea wimbo wako Boomplay au Spotify. Huyo ni mwingine, ana siku yake. Ninayemsema mimi anakusanya watu wanaozungumza juu ya nyimbo.

Blogi zenye kuweka maneno na chini yake wimbo wa MP3 zilianza kushika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fluxblog ya Matthew Perpetua, iliyoanza 2002, hutajwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Mtu anaandika aya mbili tatu, anaweka wimbo, basi. Zilipofika mamia, likaja suala: nani atazizungukia zote kila asubuhi? Hapo ndipo mlisho wa RSS ulipofaa. Mlisho ni kifaili kidogo ambacho blogi inakitoa yenyewe, ndani yake mna kichwa cha habari, tarehe, maneno ya mwanzo na anwani ya faili la sauti. Msomaji hakioni, kimeandikwa kwa ajili ya mashine. Mwaka 2005 Google walitoa Google Reader, ikawa unachagua blogi zako na milisho inakujia. Mwaka huohuo mwanafunzi mmoja wa chuo huko New York, Anthony Volodkin, akaanzisha Hype Machine. Yeye alikwenda mbali zaidi: mashine yake inazipitia blogi zilizochaguliwa na watu, inaokota kila wimbo ulioandikiwa, inaupanga kwa mfuatano wa muda.

Tuutazame ukurasa wake kwa karibu. Kuna jina la msanii, kistari, jina la wimbo. Chini yake jina la blogi, na kipande cha maneno ya mwandishi, kama sentensi mbili hivi, yamekatwa katikati. Halafu kiungo cha kukupeleka ukayasome yaliyobaki kwa mwenyewe. Pembeni inaonyeshwa ni blogi ngapi nyingine zimeuandika wimbo huohuo. Na kuna alama ya moyo. Ukiupenda wimbo unabonyeza, na mioyo ya siku 3 zilizopita ndiyo inayopanga orodha ya zinazovuma.

Watu wote wameandika kuhusu ule moyo. Mimi naona roho ya ukurasa ilikuwa kwenye zile sentensi mbili na kile kiungo. Mkusanyaji anayekuonyesha nani kasema, akakusindikiza mpaka mlangoni kwake, anafanya kazi ya mzee wa barazani: "Hilo kamuulize fulani, nyumba ya tatu, mlango wa kijani." Anayekupa wimbo bila ya msemaji amekupa tepu isiyo na kasha.

Sisi hapa tulikuwa na wakusanyaji wetu zamani. Vipindi vya salamu redioni, mnavikumbuka? Mtu ananunua kadi, anaandika majina kumi na tano, anaomba wimbo, na siku ikisomwa, mtu wa Wete anajua kwamba kuna mtu wa Makunduchi anapenda anachokipenda yeye. Hawajaonana maisha yao. Na kulikuwa na mwenye duka la tepu. Unamwendea na kaseti tupu, unamwambia nataka za huzuni, anakurikodia upande A na upande B, na kwa wino anakuandikia kwenye karatasi ya kasha: hii kaimba nani, hii ya kikundi gani. Mwandiko wake ndio ulikuwa blogi yetu.

Sasa na mimi nina kisa changu. Mwaka 2008 nilikuwa na blogi ndogo ya taarab za zamani, nyimbo za kwenye sanduku la marehemu baba. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Afrika Mashariki, ulikuja Julai 2009. Wimbo wa dakika 15 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kiasi cha megabaiti 14. Kwa kasi iliyokuwepo pale intaneti kafe, kuupandisha kulichukua saa nzima, na umeme ukikatika dakika ya hamsini na tano unaanza upya na unalipa upya. Wasomaji wangu walihesabika kwa vidole, na vingine vya vidole hivyo ni ndugu zangu.

Wimbo wa kwanza niliouweka ulitoka kwenye tepu iliyopoteza kasha. Sauti ya kike, fidla mbili, akodiani, mwisho watu wanapiga makofi. Jina sikulijua. Kompyuta ilipoligeuza faili, nafasi ya wimbo ikajiandikia "Track 04", na nafasi ya msanii ikajiandikia kwa Kiingereza kwamba msanii hajulikani. Nikauacha hivyohivyo, kwa uvivu. Chini nikaandika aya tatu kuhusu baba alivyokuwa akiupiga kila Ijumaa. Siku moja mkusanyaji mmoja wa ng'ambo akauokota, na ghafla nikapata wageni wa nchi ambazo sikuwahi kuzifikiria. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Kisha nikabonyeza jina la msanii nione mashine imeniweka wapi. Nikaukuta wimbo wa baba yangu umewekwa fungu moja na rumba ya sijui nani, gitaa la sijui wapi, na kwaya. Wote hawajulikani, kwa hivyo kwa mashine wote ni mtu mmoja. Msanii Asiyejulikana ndiye mwenye nyimbo nyingi kuliko wote duniani.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye kazi yenu. Faili la muziki lina nafasi ya "msanii". Taarab ina watu wangapi nyuma ya wimbo mmoja? Kuna aliyetunga mashairi, kuna aliyeyatia muziki, kuna aliyeimba, na kuna kikundi, na kwetu mara nyingi kinachotangazwa ni kikundi. Utamwandika nani? Haya, tuseme kikundi. Klabu iliyoundwa 1905 imeandikwa Ikhwani Safaa, Akhwan Safaa, Ikhwan bila ya i, na tepu za zama fulani zinasema Malindi. Ile ya 1958 utaikuta Culture Musical Club, na penginepo Mila na Utamaduni. Taarab yenyewe ina taarab, taarabu na tarabu. Sisi tunajua ni walewale. Mashine inalinganisha herufi tu, haina shangazi wa kumuuliza. Kwa hivyo mpenzi wa Ikhwani aliyeko Toronto na mpenzi wa Malindi aliyeko Dubai wanaweza kusikiliza fidla ileile miaka kumi bila ya mkusanyaji kuwakutanisha.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini ipo. Chagueni mwandiko mmoja kwa kila kikundi, na ndani ya maelezo muorodheshe miandiko mingine yote. Anzeni na majina, hadithi ya babu ije baadaye, kwa sababu mkusanyaji anachukua maneno ya mwanzo tu kisha anakata. Aya zangu tatu zilianza na kikombe cha kahawa cha baba, na kilichoonekana kule duniani ni kikombe cha kahawa.

Na msidhani kuwa wimbo ukifika mbali basi mwenyewe amefika. Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua kaseti Cape Coast, Ghana, mwaka 2002. Alipoanzisha blogi ya Awesome Tapes From Africa mwaka 2006, kaseti ile ya msanii Ata Kak, iliyotoka 1994, ndiyo aliyoanza nayo. Ikazunguka dunia, blogi kwa blogi. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye kasha, na hata hivyo ilichukua miaka kumpata mwenyewe, na kaseti ikatolewa upya rasmi mwaka 2015. Hiyo ni yenye jina. Ingekuwa Track 04?

Sasa noti ya yule mama. Moyo wa kwenye mkusanyaji unafanana na kutunza kwa jambo moja: unafanywa hadharani. Katika Hype Machine unaweza kuona mtu kapenda nini, ukamfuata, ukawa unasikiliza kwa masikio yake. Hilo ni zuri, ni kadi ya salamu iliyorudi. Lakini moyo haujui ubeti. Unaupenda wimbo mzima, dakika 15, pamoja na bashraf, ule muziki mtupu wa kufungulia, na yote, au huupendi kabisa. Na moyo hauna thamani mkononi mwa mwimbaji. Zaidi ya hayo, orodha ya siku 3 ina tabia yake. Wenye kutangaza wasanii walipoijua, wakawa wanawatumia wenye blogi wimbo uleule kwa pamoja ili upande kwa kishindo. Wimbo wa taarab, ambao mtu anaurudia wiki nzima ndipo mafumbo yamuingie, siku 3 hazimtoshi hata kumaliza kugombana na jirani aliyemdhania ndiye aliyesemwa.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka, lakini chombo siku zote kinakata kitu. Mwimbaji wetu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, santuri ilikuwa ikibeba kama dakika 3 kila upande. Walikata beti. Tunachokijua leo kwa sauti yao ni kilichotosha kwenye sahani.

Mwisho wa zama hizo ulikuja kwa vipande. Februari 2010 Google ilizifuta blogi kadhaa za muziki zilizokuwa kwenye Blogger, huduma yake ya blogi, kwa malalamiko ya haki miliki, na baadhi ya wenyewe wakasema nyimbo walitumiwa na makampuni yaleyale. Januari 2012 Megaupload, ghala la mafaili mtandaoni, ikafungwa na serikali ya Marekani, viungo vingi vikafa siku moja. Mie nilikuwa na mafaili kwenye ghala jingine dogo, nalo likaondoka kimya kimya, nikabaki na aya bila ya nyimbo. Tarehe 1 Julai 2013, miezi miwili na nusu baada ya kumzika mwimbaji wetu Bi Kidude, Google Reader ikazimwa. Kisha zikaja programu za kusikiliza moja kwa moja, Spotify ikafunguliwa Tanzania 2021, na anayekupendekezea wimbo sasa ni hesabu za kompyuta, haziandiki hata sentensi moja ya kueleza kwa nini. Siku hizi anayefanya kazi ya mwenye blogi kwetu ni yule msimamizi wa kundi la WhatsApp la taarab asilia, anayetuma sauti na kusema "wajuzi, huyu nani?" Majibu yake ni dhahabu, na simu ikianguka chooni yamekwenda.

Naona kuna mkono. Ndiyo, mwanangu, sema.

(Msichana mmoja, mwanafunzi wa fidla: "Ami, hiyo Track 04, mlikuja kumjua aliyeimba?")

Nilikuwa naomba mtu asiulize. Ndiyo, nilimjua. Mwaka mmoja hivi baada ya kuiweka, mwanamke mmoja aliyeko Maskati aliniandikia. Alifika kwangu kwa kupitia kwa yule mkusanyaji, kilekile kiungo nilichokuwa nakisifu. Akasema, "Kaka, huyo ni mama yangu mdogo." Akanitajia jina, akanitajia mtunzi wa mashairi, akanitajia arusi iliyorikodiwa na nani aliyekuwa akipiga fidla ya pili. Nikachukua kalamu, nikaandika vyote. Kisha akaniambia kwamba mama huyo alirudi Hija, akaacha kuimba, hataki tena, na anaomba jina lake lisiandikwe mahali popote.

(Yule msichana: "Na wewe ukafanyaje?")

Sikuandika. Nimekaa hapa saa nzima nawaambia andikeni majina, na langu moja nimelizuia. Tepu ninayo nyumbani, Kikwajuni. Anayetaka kuisikiliza aje baada ya Isha, kahawa ipo. Lakini simu aiwache mlangoni, pamoja na viatu.